Muuguzi, Mashine na Mizani ya Mlolongo

Mji wa Mlolongo, katika kaunti ya Machakos, ulipewa jina na malori. Kwa miaka mingi magari ya mizigo yalipanga foleni ndefu kando ya barabara kuu ya Mombasa yakingoja kupimwa uzito. Hakuna dereva anayeipenda mizani, ila huitii kwa sababu mbili. Anatarajia kwamba imekaguliwa na wanaohusika na vipimo, na anajua kwamba ekseli moja ikizidi atapewa nafasi ya kupanga mzigo upya na kupimwa tena. Mizani ambayo haijakaguliwa na isiyokubali kupima mara ya pili ingeleta vurugu barabarani. Ukiyasikiliza kwa makini wanayoyasema wauguzi kuhusu akili mnemba, utakuta wanadai mambo hayohayo mawili. Wanaotafsiri madai hayo kuwa woga wa teknolojia wamewasikia nusu.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwenye zahanati nyingi za Kenya hakuna daktari, na muuguzi ndiye anayepokea, anayepima, anayetibu na anayeandika. Mama mjamzito akija kliniki, muuguzi atampima presha, atapima mkojo wake, atasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kisha atabonyeza muundi kwa kidole gumba aone kama ngozi inabaki na shimo. Baada ya hapo anajaza kitabu cha mama na mtoto, anajaza rejista, na mwisho wa mwezi anajumlisha yote kwenye ripoti. Palipo na kompyuta bila kuondolewa rejista, huandika mara mbili. Programu ambayo ingembebea mzigo huo wa karatasi ingepokelewa kwa mikono miwili. Lakini programu hiyohiyo ikianza kumwambia mama yupi aende nyumbani na yupi abaki, mambo yanabadilika, kwa kuwa yenyewe inaona tarakimu ya presha tu. Lile shimo kwenye muundi haitalijua mpaka muuguzi aliandike.

Ushahidi mzuri kuhusu suala hili umetoka hapa nyumbani. Mwaka 2025 kampuni ya OpenAI na kliniki za Penda Health zilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika kliniki 15 za Nairobi na kuhusisha ziara 39,849 za wagonjwa. Chombo chao kilisoma maandishi ya mhudumu na kuwasha rangi: kijani kama hakuna tatizo, manjano kama kuna la kuangalia, nyekundu kama kuna hatari. Waliokitumia walipunguza makosa ya kutambua ugonjwa kwa asilimia 16 na makosa ya matibabu kwa asilimia 13. Ni kweli kwamba wengi wa waliopimwa walikuwa matabibu wa kliniki, lakini muuguzi wa zahanati hufanya kazi inayofanana sana na yao. La muhimu zaidi ni jinsi chombo kilivyowekwa. Kilikaa nyuma ya mhudumu kama mwenzake anayemkumbusha, na uamuzi ukabaki mkononi mwake. Wahudumu walifundishwa na kufuatiliwa ili wasizoee kuipuuza nyekundu. Hata hivyo, utafiti haukuweza kuthibitisha kwamba wagonjwa wenyewe walipata nafuu zaidi, na kiasi hicho kinatosha kutuonya tusishangilie mapema.

Kuna pia upande wa pili. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichunguza mfumo uliokuwa ukitumika katika hospitali nyingi kubashiri sepsisi, hali ambapo mwili huanza kujidhuru unapopambana na maambukizi. Mfumo ulipitwa na takriban theluthi mbili ya wagonjwa wenye hali hiyo, huku ukipiga kengele kwa asilimia 18 ya wote waliolazwa. Kengele inayolia kila mara mwishowe haisikiki. Na vipimo vinavyolishwa kwenye mashine navyo vina kasoro zake. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kilikosa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Programu iliyojifunza kutokana na namba hizo itarithi kosa hilo bila kujua. Muuguzi anayeangalia midomo na kucha za mgonjwa ndiye kipimo cha pili.

Wapo watakaosema wauguzi wanalinda ajira tu. Hoja hiyo haiingii vizuri Kenya, ambako wapo wauguzi waliohitimu wasio na kazi ilhali wodi zina upungufu, na ambako serikali ilitia saini mkataba na Uingereza mwaka 2021 wa kuwapeleka wahudumu wa afya huko. Hofu yenye msingi ni kwamba mashine itageuzwa kisingizio cha kutoajiri. Mwaka 2024 chama cha National Nurses United cha Marekani kiliwauliza wauguzi zaidi ya 2,300, na asilimia 60 wakasema hawaamini kwamba mwajiri wao ataingiza akili mnemba akitanguliza usalama wa mgonjwa. Wasiwasi wao ulimwelekea mwajiri.

Pingamizi lililo zito zaidi ni lile la kwamba, pasipo na mhudumu, mashine ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Ni kweli kwa kiasi fulani. Huduma ya PROMPTS ya Jacaranda Health huwajibu akina mama wa Kenya kwa ujumbe wa simu, na akili mnemba huchambua maswali ili yale ya hatari yatangulie. Lakini yanatangulia kuelekea wapi? Kwa mtu, aliyeketi kwenye dawati la msaada. Bila mtu huyo, kazi yote ya kupanga foleni ingekuwa bure.

Sheria imeshapiga hatua ya kwanza. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinampa mwananchi haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Kinachobaki ni kumlinda atakayeitekeleza haki hiyo kitandani. Muuguzi hufanya kazi kwa leseni ya Baraza la Wauguzi, na likitokea la kutokea ndiye atakayeitwa kujieleza. Programu haina leseni ya kunyang'anywa. Kwa hiyo kabla kituo chochote hakijafunga chombo kipya, kionyeshe kilikaguliwa kwa wagonjwa wa aina gani, na kiandike wazi kwamba muuguzi anaweza kukipinga bila kuadhibiwa. Dereva wa lori hupewa nafasi ya kupimwa upya kwa ajili ya mzigo wa saruji. Mama mwenye presha hastahili kupewa pungufu ya hapo.