Treni Imefika, Nyumba Ziko Wapi?

Mwaka 1974 baraza la jiji la Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, liliikataa barabara kuu ya Mount Hood, ambayo ingebomoa nyumba zipatazo 1,700. Sheria ya shirikisho iliyopitishwa mwaka uliotangulia iliruhusu fedha za barabara iliyofutwa zipelekwe kwenye usafiri wa umma. Sehemu ya fedha hizo ilijenga reli nyepesi ya MAX, iliyofunguliwa Septemba 1986: kilomita 24 kutoka katikati ya jiji hadi Gresham, upande wa mashariki.

Wapangaji miji walikuwa wamejiandaa. Kwenye ramani, viwanja vingi vya jirani na vituo vilibadilishiwa matumizi ili kuruhusu majengo ya ghorofa. Treni zikaanza kazi, abiria wakapanda. Ghorofa hazikuja.

Sababu zilionekana kwa macho. Kipande kirefu cha njia kilipitishwa bondeni, kando ya barabara kuu ya Banfield, ambako nafasi ilikuwepo tayari. Abiria anayeshuka huko hukutana na kelele za magari na ngazi za kupanda hadi mtaani, na sehemu kubwa ya eneo ambalo angelifikia kwa miguu imeliwa na lami. Mbele zaidi, kwenye barabara ya Burnside, treni ilipita kwenye mitaa ya nyumba za chini ambayo katika miaka ya 1980 bado ilitegemea mashimo ya majitaka. Jengo la familia 50 haliwezi kusimama kwa huduma ya namna hiyo. Na uchumi wa Oregon, uliotegemea sana mbao, ulikuwa umeanguka mwanzoni mwa muongo huo, hivyo hata mwenye kiwanja kizuri hakuwa na haraka ya kujenga.

Katika taaluma ya mipango miji, kituo hupimwa kwa mwendo wa miguu. Watu wengi hawaoni taabu kutembea mita 400. Baadhi hufika 800. Duara la mita 800 lina takriban hekta 200. Hizo hekta ndizo mtaji wa kituo. Zikijaa maegesho, maghala na yadi za magari, treni itasimama mahali pasipo na mtu wa kupanda wala wa kununua.

Reli ilipoelekea magharibi, hadi mji wa Hillsboro, kazi ilianzia kwenye ardhi. Njia hiyo ya kilomita 29 ilifunguliwa Septemba 1998, lakini miaka kadhaa kabla ya hapo halmashauri zilikwishaweka kanuni za muda kwa maeneo ya vituo, zikizuia biashara zinazotegemea magari. Kanuni hizo pia ziliweka idadi ya chini ya nyumba zinazopaswa kujengwa kwa kila ekari, ingawa miji mingi huishia kuweka idadi ya juu tu. Tena, tangu 1979 eneo lote la Portland lina mpaka wa ukuaji wa mji, kwa hiyo mwekezaji hawezi kuukwepa mji na kwenda kukata viwanja mashambani. Ajira nazo zilikuwepo: kampuni ya Intel ilikuwa ikipanua viwanda vyake Hillsboro.

Matunda yake yanaonekana Orenco Station, mtaa wa zaidi ya hekta 70 ulioanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1990: nyumba zilizobanana, njia za miguu, na makazi juu ya maduka. Hata hapo soko lilikuwa na masharti yake. Maduka yaliwekwa kwenye barabara ya Cornell, karibu mita 400 kutoka kituoni, kwa sababu abiria wa treni peke yao wasingetosha kuyaendesha. Yalihitaji pia wateja wenye magari. Viwanja vilivyo jirani kabisa na kituo vilikaa wazi kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kupata ghorofa. Utafiti wa mwanasosholojia Bruce Podobnik uliona kuwa wakazi wa Orenco walitumia usafiri wa umma zaidi kuliko walivyofanya walikotoka, lakini wengi bado waliendesha gari kwenda kazini.

Swali la nani anafaidika lilihitaji jibu lake. Kituo kikipandisha thamani ya kiwanja, faida humwendea mwenye kiwanja, na mpangaji huongezewa kodi. Mwaka 1998 Metro, mamlaka ya eneo la Portland, ilianza mpango wa kununua ardhi karibu na vituo na kuiuza kwa bei ya chini kwa wajenzi waliokubali masharti. Kwa njia hiyo mradi wa Center Commons, wenye nyumba zaidi ya 300 za watu wa vipato mbalimbali, ulijengwa karibu na kituo cha 60th Avenue, kando ya ile ile Banfield iliyokimbiwa na wajenzi. Fedha za umma zilikuwa muhimu hapo, kwani kuanzia 1999 hadi 2016 sheria ya Oregon ilizikataza halmashauri kuwalazimisha wajenzi kutenga nyumba za bei nafuu.

Afrika nayo inakabiliwa na maswali hayo hayo. Addis Ababa ilifungua reli nyepesi yake Septemba 2015, na sehemu kubwa ya njia ikapita katikati ya barabara pana, nyuma ya uzio, kiasi kwamba kuvuka mtaa kumekuwa safari. Lakini Ethiopia ina nyenzo ambayo Portland ililazimika kuinunua: ardhi ni mali ya dola na watu. Tanzania nayo, ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais.

Basi mwananchi anayeonyeshwa mchoro wa reli mpya aombe na mchoro wa pili: wa viwanja vilivyo ndani ya mita 800 kutoka kila kituo, ukionyesha bomba la majitaka linapita wapi, nani anamiliki ardhi, na nini kitaruhusiwa kujengwa kabla treni ya kwanza haijafika.