Impro: kuchekesha watu bila kuumiza mwenzako

Impro ni teatri isiyo na maandishi. Wachezaji wanapanda jukwaani bila kujua watasema nini. Mutazamaji mumoja anatupa neno, tuseme « soko » ao « ndoa », na mchezo unaanza palepale.

Kazi hiyo iko na kanuni moja kubwa: kukubali. Mwenzako akisema muko ndani ya mutumbwi, haumuambie kama hapana, muko hospitali. Unasema ndiyo, kisha unaongeza lako: « Ndiyo, na maji imeanza kuingia! » Bila vile, hadithi inakufa.

Lakini shida inaanzia hapohapo. Tuseme kuko mwanamuke mumoja kati ya wanaume sita. Kila siku wanamupa nafasi ya mutumishi wa nyumba. Mwengine anamushika kiuno bila kumuuliza. Akikataa, wanasema hajue kucheza. Kanuni ya kusaidiana inageuka kamba ya kumufunga.

Mambo haya yalisikika sana Chicago, kule Marekani. Ni huko Viola Spolin alitunga michezo mingi ya impro, akifanya kazi na watoto wa wahamiaji na wa mitaa ya maskini. Mwana wake, Paul Sills, alikuwa kati ya waanzilishi wa teatri The Second City, mwaka wa 1959. Lakini mwaka wa 2020, wachezaji Weusi waliopita pale walisema wazi ubaguzi waliopata. Mukubwa wake, Andrew Alexander, alikubali kwamba alishindwa, akaacha kazi mwezi wa 6. Mwezi huohuo, wachezaji wa iO, teatri ingine ya Chicago, waliandika barua ya pamoja kuomba mabadiliko.

Basi, grupu inaweza kufanya nini?

Mbele ya kuanza, kila mutu anasema mambo ambayo hataki yaguswe: kifo cha mutoto, ubakaji, kabila lake. Hakuna anayemuuliza sababu.

Wanapatana pia juu ya kugusana: mukono sawa, kiuno hapana.

Wanachagua alama ya kusimamisha, kwa mufano kuinua mukono. Ikionekana, sene inakatwa na ingine inaanza. Maswali hayaulizwe mbele ya watu.

Mutazamaji akitupa neno la matusi, mwenye kuongoza mchezo anaomba lingine.

Malalamiko yanapokelewa na mutu mwengine, si mwalimu, juu mwalimu ndiye anachagua nani atapanda jukwaani.

Tena, kuko mulango wenyewe. Kama mazoezi yanaisha usiku sana, wasichana wengi hawatakuja. Kama kuko ngazi tu, mwenye kiti cha magurudumu anabaki inje.

Wengine wanasema kanuni nyingi zinaua kicheko. Lakini kicheko cha impro kinatoka kwa mutu anayejaribu kitu ambacho hata yeye hajui kitaishia wapi. Mwenye woga hajaribu. Anasema maneno mawili na kurudi pembeni. Na kukubali kuwa muko ndani ya mutumbwi si kukubali kila kitu mwenzako anafanyia mwili wako. Hata ndani ya hadithi, mutu anaweza kusema: « Ndiyo, mutumbwi unazama, na mimi ninashuka hapa. » Watu watacheka, na mchezo utaendelea.