Pigo la Upande wa Mbali: Nguvu Haianzii Mikononi

Ukipita kwenye uwanja wa shule siku ya mazoezi ya softiboli utasikia wenzake wakimpigia kelele mpigaji: "Tia mkono! Tia mkono!" Naye anatia mkono kweli. Anauma meno, anazungusha gongo kwa nguvu zote (gongo la kupigia, jamani, siyo lile la kwenye chupa), halafu mpira unajiviringisha taratibu hadi miguuni mwa mlinzi wa besi ya kwanza. Basi anaambiwa, "Wewe mwembamba mno, huna nguvu." Wapo wasichana walioacha mchezo kwa maneno kama hayo tu. Sasa tuangalie kama yana ukweli.

Upande wa mbali ni upi?

Kama unapiga kwa mkono wa kulia, bega lako la kushoto ndilo linalomwelekea mrushaji. Mpira wako kwa kawaida utakwenda kushoto, upande wa besi ya tatu. Huko ndiko kuvuta mpira. Upande wa mbali ni ule wa kulia, nyuma ya besi ya kwanza. Wewe wa mkono wa kushoto, geuza kila kitu.

Mrushaji mjanja akishajua kwamba unapenda kuvuta, atakurushia mipira ya pembeni, mbali na mwili wako. Ukilazimisha kuivuta, unaigusa kwa ncha ya gongo tu. Mpira wa pembeni unataka kupelekwa huko huko uliko. Na ukijifunza vizuri, unaweza kwenda mbali sana.

Mfano ni fainali ya kwanza ya softiboli katika Michezo ya Olimpiki, Marekani na China, iliyochezwa Columbus, jimbo la Georgia, tarehe 30 Julai 1996. Dot Richardson wa Marekani, anayepiga kwa mkono wa kulia, aliupeleka mpira kulia kabisa, ukavuka uzio karibu na nguzo ya mstari. Wachina wakabisha sana kwamba umetoka nje, lakini waamuzi hawakubadili neno. Pigo lile lilileta mikimbio miwili na Marekani wakashinda 3-1. Richardson alikuwa na miaka 34, na nje ya uwanja alikuwa daktari aliyekuwa akisomea upasuaji wa mifupa. Mtu anayejua viungo vya mwili, kwa kweli!

Nguvu inatoka wapi?

Jaribu hivi. Kaa kwenye kiti, nyanyua miguu, rusha mpira mbali uwezavyo. Halafu simama, rusha tena. Umeona tofauti? Mkono ni ule ule. Kilichoongezeka ni miguu na nyonga. Katika kupiga pia nguvu huanzia ardhini, hupanda mapajani, nyonga zikageuka, kifua kikafuata, na mikono ikaja mwisho kama ncha ya kiboko. Ndiyo maana mtu mwembamba anayegeuza nyonga vizuri humshinda jitu linalopiga kwa mikono peke yake.

Hapa ndipo wengi wanapokosea upande wa mbali. Wanadhani ili mpira uende kulia lazima wasimamishe nyonga na kuusukuma mpira kama mtu anayefunga mlango. Mpira unakwenda kulia, ndiyo, lakini umekufa. Nyonga zigeuke kama kawaida, ila zichelewe kidogo tu. Mpira wa kuvuta unakutana nao mbele ya mguu wa mbele. Wa pembeni unauacha uingie zaidi, mpaka usawa wa mguu huo au ndani yake kidogo.

Kusubiri ni kazi ngumu. Katika softiboli ya wanawake ya kimataifa mrushaji husimama mita 13.11 kutoka besi ya nyumbani, na mpira ukiwa na mwendo wa kilomita 105 kwa saa unakufikia chini ya nusu sekunde. Shuleni mwendo ni mdogo kuliko huo, lakini woga ni ule ule. Angalia mguu wako wa mbele: je, unakanyaga kuelekea kwa mrushaji, au unakimbilia upande wa besi ya tatu? Ukiukimbia mpira, ule wa pembeni hutaufikia kamwe. Vaa kofia ngumu ya mchezo kila unapopiga, hata mazoezini. Ukijua kichwa kiko salama, mguu nao unatulia.

Mikono ipite karibu na mwili, kiwiko cha nyuma kikikaribia ubavu, kichwa cha gongo kikibaki nyuma mpaka dakika ya mwisho. Lenga kati ya mlinzi wa katikati na wa kulia, siyo kwenye mstari, kwa sababu mpira wa upande huu huzunguka na kupinda kuelekea nje.

Mazoezi yasiyo na gharama

Simika kigingi kinachofika mapajani, juu yake funga kipande cha bomba la mpira, weka mpira hapo. Kiwe pembeni mwa besi, usawa wa mguu wako wa mbele. Piga mipira 20, pumzika, rudia. Polepole kwanza, nguvu baadaye.

Siku mbili au tatu kwa wiki, chuchumaa na kusimama mara 10, kwa raundi tatu. Kisha jaza mchanga kwenye mfuko imara, kilo mbili tu, simama ubavu kwa mwenzako na umrushie kwa kugeuza nyonga, pande zote mbili. Kwa vidole na viganja, kukamua nguo nzito kunasaidia. (Wavulana, hiyo ni nafasi yenu ya kufua.)

Maumivu ya misuli ya siku moja mbili ni ya kawaida. Lakini kiuno kikiuma kila unapojipinda, na kikaendelea hivyo kwa wiki mbili, pumzika na uende hospitali. Kwa vijana wanaokua, kujipinda mno kunaweza kutia ufa kwenye mfupa wa mgongo. Asikudanganye mtu kwamba ukaze tu.

"Nitakuwa na misuli kama mwanamume?"

Hapana. Homoni inayojaza misuli ya wavulana, testosteroni, wasichana wanayo kidogo sana. Utapata nguvu, umbo litabaki lako. Hedhi nayo si sababu ya kukaa benchi kama unajisikia vizuri. Lakini kama unafanya mazoezi mengi na kula kidogo, hedhi inaweza kukatika. Ikikosekana miezi mitatu, nenda kituo cha afya, na ongeza chakula: maharage, dagaa, mayai, ugali wa kutosha. Kupiga mpira na njaa tumboni hakuendi mbali, wala kulia wala kushoto.