Ua Unaolowa Bila Mvua

Ua uliotandazwa mawe mapya karibu na bahari, kisiwani Mafia, unaweza kuwa na rangi mbili kwa siku moja. Alfajiri mawe huwa meusi, yametota kana kwamba mvua imepita usiku. Jua likishakolea, weusi hutoweka na mahali pake hubaki utando mweupe, kama unga uliomwagika ukafagiwa kwa haraka. Mwenye nyumba humwita fundi. Fundi huinama, hugusa kwa kidole, pengine hulamba, kisha husema neno moja: chumvi.

Wapo wanaouita utando huo fangasi, na kosa la kwanza huanzia hapo, maana dawa ya fangasi haiondoi chumvi. Kuvitofautisha ni kazi ya dakika moja. Dondosha maji safi juu ya weupe huo. Chumvi huyeyuka na kupotea machoni. Fangasi hubaki palepale. Weupe ukibaki, nao ni mgumu, umeng'ang'ania jiwe kama ukoko wa sufuria, huenda ni chokaa iliyotoka kwenye saruji. Hiyo haiyeyuki kwa maji, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Lakini kwa nini ua ulowe wakati hakuna mvua? Chumvi ya kawaida, ileile ya jikoni, hunyonya maji kutoka hewani pindi unyevu wa hewa unapozidi kiasi cha asilimia 75. Usiku wa pwani huvuka kiwango hicho bila taabu, na chumvi iliyomo kwenye mawe huyeyuka. Mchana unyevu ukishuka, maji hukauka na chumvi hurudi kuwa fuwele. Fuwele hizo zikijijenga ndani ya vitundu vya jiwe, husukuma kuta zake. Msukumo wa usiku mmoja hauonekani. Wa miaka miwili mitatu huonekana: uso wa jiwe hubanduka kama maganda, pembe humeguka, na mchanga laini hulala chini kila asubuhi.

Chumvi yenyewe haitembei. Hubebwa na maji, na kwenye ua wa Mafia maji hayo yana njia nyingi. Upepo wa kusi hurusha manyunyu ya bahari. Ardhi yenye unyevu hupandisha maji kupitia vitundu vya mchanga na mawe, kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Saruji nayo ina chumvi zake. Hata hivyo njia iliyo mbaya kuliko zote hufunguliwa na mjenzi mwenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, hivyo ndoo ya lita 20 hubeba gramu 700, karibu robo tatu ya kilo. Anayechanganya udongo wa saruji kwa maji ya kisima chenye chumvi, au anayechota mchanga ufukweni bila kuuosha, amepanda chumvi chini ya mawe yake kabla hata jiwe la kwanza halijalazwa.

Wajenzi wa zamani wa visiwa hivi waliishi na chumvi hiyohiyo. Kua, kwenye kisiwa cha Juani, ulikuwa mji wa mawe wenye misikiti na jumba la watawala hadi ulipovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Magofu yake bado yamesimama msituni. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe ya kale yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri la kuni. Chokaa ni laini na hupumua: maji yaliyoingia ukutani hupata pa kutokea, na chumvi huishia kwenye lipu, ambayo ikichakaa hubanduliwa na kupigwa upya. Lipu ndiyo iliyoliwa ili jiwe lisiliwe.

Kwenye Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, somo hilo limejirudia kwa gharama. Nyumba nyingi za mawe ya matumbawe zilizokarabatiwa kwa saruji zilibaki na unyevu uliofungiwa ndani ya kuta. Saruji ni ngumu, haipitishi mvuke kwa wepesi. Chumvi ikajikusanya nyuma yake, na lipu ikaanguka vipande vipande pamoja na ngozi ya jiwe. Wahifadhi wa majengo wakarudi kwenye chokaa.

Kurudi kwenye chokaa, hata hivyo, hakumaanishi kurudi kuchimba miamba. Uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya ujenzi na chokaa ulikuwa tatizo kubwa Mafia, kiasi kwamba mwaka 1995 watafiti waliuandikia makala katika jarida la kimataifa la Ambio. Mwaka huohuo ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ndiyo maana anayetengeneza ua leo hana budi kuuliza mawe yake yametoka wapi, au kutumia vitofali vya saruji, vile ambavyo Kenya huitwa kabro.

Weupe ukishatokea, kifaa cha kwanza ni ufagio mgumu, tena mkavu. Wengi hukimbilia mpira wa maji, na chumvi iliyokuwa imetoka yenyewe huyeyuka ikarudi ndani ya jiwe. Fagia siku ya jua, zoa unga wote, kautupe mbali. Rudia kila wiki. Baada ya hapo ndipo usuuze kwa maji kidogo yasiyo na chumvi, na uache ua ukauke kabisa. Doa sugu hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi uliolowekwa kwa maji yasiyo na chumvi: udongo unapokauka huivuta chumvi kutoka kwenye jiwe, kisha hubanduliwa.

Asidi ni jambo la hatari. Siki iliyozimuliwa inaweza kulainisha ukoko wa chokaa kwenye vitofali vya saruji, mradi ijaribiwe kwanza pembeni na kusuuzwa vizuri. Juu ya jiwe la tumbawe isiguse, kwa sababu tumbawe lenyewe ni chokaa ya asili na siki hulila jiwe sawasawa na doa. Asidi ya betri ni mbaya zaidi: ikikutana na chokaa hutengeneza jasi, nayo jasi ni chumvi nyingine. Fundi huondoa weupe mmoja akaacha mbegu ya mwingine.

Ndipo linakuja suala la kuziba. Madukani zipo dawa za aina mbili. Ya kwanza hufanya ngozi inayong'aa juu ya jiwe, kama vanishi. Ikipakwa juu ya mawe yenye unyevu, chumvi hunaswa chini yake, ngozi huwa na ukungu mweupe, kisha huvimba na kubanduka. Ya pili huingia ndani ya vitundu, huzuia maji lakini huacha mvuke upite. Hii ni salama zaidi, ingawa nayo ina mpaka: unyevu ukiendelea kupanda kutoka chini, chumvi huganda nyuma ya sehemu iliyopakwa dawa na kuisukuma nje. Ua usio na pa kutiririshia maji hautibiwi kwa dawa ya kopo.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kupaka chochote. Chini ya mawe iwekwe tabaka la kokoto ili maji ya ardhini yasipande, juu yake mchanga wa chenga uliooshwa. Ua uwe na mwinamo wa sentimita 2 hivi kwa kila mita, kuelekea mbali na ukuta wa nyumba.

Kalenda ya kisiwa yenyewe inasaidia. Ua ukitandazwa masika yanapoisha, mwezi Juni, miezi mikavu ya kusi hutosha kuitoa chumvi na kuifagia. Septemba, kipande cha nailoni chenye upana wa sentimita 45 hugundishwa juu ya mawe kwa utepe pande zote nne, kikaachwa kwa saa 16 au zaidi. Matone yakionekana upande wa ndani, kopo la dawa hubaki limefungwa na ufagio huendelea. Nailoni ikiwa kavu, ua unaweza kupakwa kabla vuli haijaanza.