Pine moja, saa moja ya kusaga: tufanye hesabu kabla ya kuwasha moto



Mwezi uliopita nilikuwa kwetu Kapolowe. Yaya mumoja mwenye mashini ya kusaga mahindi alinivuta mpaka kwa kwado, akanionyesha lundo la mapine (matairi) ya zile lori za njia ya Likasi na Lubumbashi. Akasema: "Mudogo, weye ulisoma. Mu telefoni niliona batu banatosha mazutu mu mapine. Na siye tufanye yetu, jenereta ipate chakula."

Alikuwa ameshaongea na fundi wa kuchomelea vyuma: mapipa mawili, bomba moja, moto wa kuni. Fasi ya kazi? Nyuma ya nyumba, pale watoto wanachezea.

Sikumucheka, kwani ile wazo haiko ndoto. Niliomba tu siku mbili nifanye hesabu. Nawaandikia kwa sababu na ninyi, mukirudi kwenu na diploma, mutaulizwa vile vile.

Kwanza, namna inavyofanyika. Ndani ya pine kuko mpira, kaboni nyeusi, waya za chuma, na salfa, ile ambayo Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba inakaza mpira ukipata moto. Ukichoma pine penye hewa, unapata moto na moshi mweusi, basi. Lakini ukiifungia katika chombo kisichoingiza hewa, ukakipasha digrii 400 mpaka 600, pine haiwaki. Mpira unakatika-katika na kuwa mvuke. Mvuke ukipoa, unakuwa mafuta. Kazi hii inaitwa pirolisisi. Katika kilo 100 za mapine, karibu kilo 40 mpaka 45 zinatoka mafuta, zaidi ya 30 zinabaki kaboni, zingine ni chuma na gesi. Ile gesi inaweza kurudishwa chini ya chombo, ikawa kuni yake.

Sasa hesabu. Pine ya gari ndogo ina kilo kama 8. Inatoa karibu lita 4 za mafuta. Jenereta ndogo, kwa lita moja, inatoa kilowati-saa kama 2.5. Kwa hiyo pine moja ni kilowati-saa 10: mota ya kusagia ya kilowati 10 inazunguka saa moja. Pine ya lori, yenye kilo 50 na kitu, inazidi mara sita. Haiko kidogo kwa mutu anayetafuta unga wa bukari.

Lakini tulinganishe na jirani yetu. Kituo cha Mwadingusha, kwenye maporomoko ya mto Lufira, kilijengwa karibu na mwaka 1930, na bwawa lake ndilo lilizaa ziwa Tshangalele, fasi wavuvi wetu wanatega nyavu. Kiliposhatengenezwa upya, mwaka 2021, mitambo yake sita ikawa na uwezo wa megawati 78. Kupata umeme kama ule kwa mafuta ya mapine, tungehitaji mapine 7,800 ya gari ndogo kila saa! Kwa hiyo tusidanganye watu: mapine hayataangazia teritware. Yanaweza kuvuta mashini moja, labda mbili.

Na kwa bei gani? Mvuke ule unawaka. Bomba likiziba, ao hewa ikiingia chombo kikiwa cha moto, pipa linapasuka kama bomu. Tena mafuta yenyewe hayako mazutu. Yana sehemu nyepesi zinazoshika moto haraka kama petroli. Yana benzini, inayoleta kansa ya damu. Yana salfa, karibu asilimia 1. Ukiyatia mabichi, yanaziba injekta na kula injini. Na sisi tuliokulia karibu na viwanda vya shaba, moshi wa salfa hatuusomi vitabuni. Tunaona mabati, tunasikia kifua.

Wenye kufaulu wanafanya namna ingine. Mombasa, kiwanda cha simenti cha Bamburi kiliingiza mapine mazee katika tanuri lake, yachukue sehemu ya makaa ya mawe. Tanuri la simenti linapita digrii 1,400: mpira unaisha kabisa, hata chuma cha pine kinaingia ndani ya simenti. Fundisho ni hili: pine inataka moto mukubwa na macho ya wanaopima, haitaki pipa la nyuma ya nyumba.

Nilimurudishia yaya hesabu yote. Nikamwambia: mapine uyakusanye, uyaweke chini ya paa, mbali na moto, yasishike maji ya mvua na kuzaa mbu. Mapipa, hapana kwanza. Sisi tuliosoma kemia na mekanike tumuchoree chombo chenye valvu ya usalama, kipimo cha joto na fasi mbali na nyumba, na mafuta yapimwe kabla ya kugusa injini.

Akanyamaza, akaangalia watoto. Kisha akasema: "Sawa, nitangoja. Lakini musikawie, mudogo. Mazutu yeye haingoje mutu."

Wandugu, ile deni iko juu yetu.