Umeme wa Waipa za Motokaa

Mvua ya masika, mwezi wa Machi hata Mei, huwakuta madereva wengi katika njia ya Tanga, Muheza mpaka Segera. Waipa zikigoma, dereva haoni ng'ombe wala mtoto.

Umeme hutoka katika betri, hupita katika fyuzi na swichi, huingia katika mota, kisha hurudi betrini kwa njia ya bodi ya gari. Ukikatika popote, mota haizunguki. Fyuzi ikiungua, msitie waya mtupu mahali pake; gari huweza kushika moto.

Lakini mbona ukizima swichi waipa hazisimami pale pale? Hapa pana ufundi mzuri. Mota ina waya wa pili wenye umeme, maadamu ufunguo wa gari haujazimwa. Mota huendelea kula umeme wa waya huo mpaka waipa zilale chini. Ndipo kisahani kilichomo ndani ya mota huukata. Basi zikisimama katikati ya kioo, usikimbilie kununua mota mpya. Fungua kwanza waya wa betri, kisha kagua waya ule wa pili na kisahani chake.