Ofisi Ikiwa Nyumbani, Afya Isiachwe Nje

Mwaka 1700 tabibu wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Humo aliwashauri matabibu wenzake waongeze swali moja katika yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Alikuwa amewaona washonaji wanaokaa kutwa wakipatwa na ganzi ya miguu na kupinda mgongo.

Leo swali hilo linahitaji la pili: unaifanyia wapi? Mhasibu, mfasiri na fundi cherehani huenda wanatafuta riziki sebuleni au kitandani, mahali ambapo mkaguzi wa usalama kazini hafiki. Hivyo mfanyakazi hana budi kuwa mkaguzi wa nafsi yake.

Mahali pa kazi

Kitanda na kochi laini havifai kwa kazi ya saa nyingi, kwa kuwa humpindisha mtu shingo na kiuno. Kiti kiwe na egemeo la mgongo. Nyayo zikanyage sakafu. Zisipofika, ziwekewe kigoda. Viwiko viwe karibu na mbavu, sawa na kimo cha meza. Ukingo wa juu wa kioo cha kompyuta uwe usawa wa macho au chini kidogo, umbali wa mkono ulionyooshwa. Kompyuta mpakato iinuliwe juu ya vitabu, na itumiwe kibodi ya kando. Mwanga wa dirisha utoke ubavuni.

Mtu anayekodolea kioo hupepesa macho mara chache, nayo macho hukauka. Kila baada ya dakika 20, atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.

Umeme ukikatika, jenereta isiwashwe ndani wala karibu na dirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa lina hatari hiyo hiyo.

Saa za kazi

Kazi ya nyumbani haina kengele ya kufunga. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huambatana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo yatokanayo na upungufu wa damu kwenye moyo, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Basi ipangwe saa ya kuanza na ya kumaliza, na jamaa wote waijue. Mapumziko ya mama mara nyingi huishia jikoni. Kufua na kupika si kupumzika, na wenziwe nyumbani hawana budi kumpokea mzigo.

Mfanyakazi asimame na kutembea kidogo kila nusu saa. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunatosha.

Wakati wa kwenda hospitali

Maumivu ya mgongo yanayoambatana na udhaifu wa miguu, ganzi ya sehemu za siri, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, yasingojwe hata siku moja. Vivyo hivyo uvimbe wenye maumivu katika mguu mmoja, kwani huenda damu imeganda kwenye mshipa. Pumzi ikibana ghafla, hatari ni kubwa zaidi.

Ewe mgonjwa, usiseme tu kwamba upo nyumbani. Eleza unakaa juu ya nini, na kwa saa ngapi. Nawe mhudumu wa afya, kabla ya kuandika dawa ya maumivu, uliza. Pengine tiba ya kwanza ni kiti na meza.